Mchoro wa Kale wa Jumuiya: Kuutunza Ulivyo, Kuuimarisha, Kuurejesha au Kutundika Nakala?

Jumuiya nyingi zina mchoro mmoja au zaidi ambao hakuna aliye hai anayekumbuka ulivyofika: sura ya mwanzilishi katika ofisi ya shule, picha takatifu juu ya altare, mandhari iliyochorwa ukutani mwa ukumbi wa mikutano. Watu huuzoea mpaka siku mtu anapogundua kwamba kuna chembe za rangi zimeanguka sakafuni, au kwamba uso uliokuwa ukionekana vizuri sasa umefunikwa na ukungu wa rangi ya kahawia. Hapo kamati inaitwa, na maoni yanagawanyika. Wako wanaotaka usafishwe ung'ae kama zamani, wako wanaosema usiguswe kabisa, na wako wanaopendekeza itengenezwe nakala ili ule wa asili uwekwe mahali salama.

Kila upande una hoja ya kweli, na ndiyo maana uamuzi huwa mgumu. Njia zinazolinganishwa hapa ni nne: kuutunza mchoro ulivyo, kuuimarisha bila kubadili sura yake, kuurejesha kwa kuusafisha na kujaza palipopotea, na kutundika nakala. Kabla ya kuzitazama moja moja, ni vyema kukubaliana kwanza zitapimwa kwa mizani gani.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni hali ya rangi yenyewe. Mchoro wa mafuta ni tabaka juu ya tabaka: chini kuna turubai au ubao, juu yake kuna tabaka la msingi lililotengenezwa kwa chaki au jasi na gundi, kisha rangi, na mwisho vanishi, yaani tabaka jembamba linalopitisha mwanga, la kulinda rangi na kuipa mng'ao. Uchafu na vanishi iliyogeuka manjano ni matatizo ya juu, nayo huweza kusubiri miaka. Rangi inayoachana na turubai ni tatizo la ndani, nalo halisubiri. Kuna namna rahisi ya kutofautisha bila kugusa kitu. Zima taa za chumba, washa tochi, uielekeze kutoka pembeni, karibu sambamba na uso wa mchoro. Ukiona vipande vya rangi vimeinua kingo zake na kila kimoja kinatupa kivuli kidogo, kama tope la bwawa lililokauka na kupasuka, basi mchoro huo usifutwe vumbi hata kwa unyoya.

Cha pili ni iwapo kazi itakayofanyika inaweza kutenguliwa. Hiki mimi nakiweka juu ya vingine vyote. Kilichoongezwa kwa uangalifu kinaweza kuondolewa na mtaalamu wa kizazi kijacho mwenye ujuzi na vifaa bora kuliko vya leo, lakini kilichokwanguliwa hakirudi. Niliwahi kusimama mbele ya mchoro uliofutwa kwa kitambaa kibichi na mtu aliyeupenda kwa moyo wote. Kwenye kitambaa ilibaki buluu ya vazi, na kwenye mchoro palibaki turubai tupu.

Cha tatu ni kazi ambayo mchoro unaifanya katika maisha ya watu. Picha inayosaliwa mbele yake, picha inayofundishia historia na picha inayopamba ukumbi hazidai kitu kimoja, hata kama zina umri na maradhi yaleyale. Cha nne ni nani atakayeutazama mchoro baada ya mtaalamu kuondoka, kwa fedha gani na kwa miaka mingapi.

Njia ya kwanza: kuutunza ulivyo

*Inachofanya.* Njia hii haiugusi mchoro, inashughulikia kinachouharibu. Mwanga ni adui wa kwanza, kwa sababu madhara yake hujumlika siku baada ya siku na hakuna dawa ya kurudisha rangi iliyofifia. Kipimo kinachofuatwa sana katika makumbusho ni luksi 50 (luksi ni kizio cha kupimia mwangaza) kwa michoro ya rangi za maji na luksi kati ya 150 na 200 kwa ile ya mafuta, kiasi ambacho ni kidogo mno ukilinganisha na jua linalopenya dirishani. Adui wa pili ni unyevu unaopanda na kushuka. Mbao hutanuka hewa ikiwa na unyevu na kunywea ikikauka, na turubai nayo hubadilika unyevu ukibadilika, ilhali rangi iliyozeeka ni ngumu na haiwezi kufuata mwendo huo, hivyo inapasuka. Unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60 huchukuliwa kuwa salama kwa michoro mingi, ila uthabiti wake ni muhimu kuliko namba yenyewe: mchoro uliokaa miaka mingi kwenye unyevu wa asilimia 60 unaweza kuumia ukihamishiwa ghafla penye 40. Ukipita asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, ukungu huanza kuota.

*Inachodai.* Inadai nidhamu zaidi ya fedha. Mchoro unahamishwa kutoka ukuta wa nje unaofyonza mvua, au unawekewa vibanzi vya kizibo nyuma ya fremu ili hewa ipite. Ubao mwepesi unafungwa nyuma ya turubai kuzuia vumbi, wadudu na viwiko vya wapita njia. Mishumaa inasogezwa mbali, pazia linawekwa dirishani, na kifaa cha kupima unyevu kinasomwa na kuandikwa daftarini. Kila mwaka mchoro unapigwa picha kutoka mahali palepale na kwa mwanga uleule, maana jicho linalouona kila siku halitambui unavyobadilika.

*Hatari yake.* Ni ndogo kuliko za njia nyingine zote, na karibu kila hatua inaweza kutenguliwa kwa bisibisi. Hatari iliyopo ni ya watu kuelewa vibaya na kudhani kwamba kuutunza ulivyo maana yake ni kutofanya lolote. Tena njia hii haiwezi kurudisha mahali pake rangi ambayo imekwisha kuinuka.

*Inamfaa nani.* Jumuiya yenye mchoro uliofifia au uliochafuka lakini ambao rangi yake bado imeshika, na jumuiya isiyo na fedha za mtaalamu kwa sasa. Inamfaa pia yeyote aliyechagua njia nyingine yoyote, kwa kuwa hakuna ukarabati unaodumu mahali pabaya. Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, iliyochorwa Milan kati ya 1495 na 1498 juu ya lipu kavu, ilianza kuharibika mapema kwa sababu ya mbinu hiyo. Kazi kubwa ya kuirejesha ilichukua zaidi ya miaka 20 na kukamilika 1999, na hata baada ya hapo wageni huingia kwa makundi madogo na kukaa mbele yake dakika 15 tu, ili hewa ya chumba isivurugike.

Njia ya pili: kuuimarisha bila kubadili sura

*Inachofanya.* Hapa mtaalamu anazuia hasara isiendelee, basi. Gundi nyepesi, mara nyingi ya samaki, au utomvu wa akriliki kama Paraloid B-72 unaoyeyuka tena kwa asetoni, unapitishwa kwa brashi ndogo chini ya kipande kilichoinuka, kisha kipande kinalazwa taratibu kwa joto dogo na uzito mdogo. Turubai iliyochanika inaunganishwa uzi kwa uzi chini ya hadubini. Ukungu unaondolewa, mashimo ya wadudu kwenye mbao yanatibiwa, na kabari za kona za fremu ya ndani zinakazwa ili turubai isilegee.

Wakati wa dharura njia hii huokoa kila kitu. Mafuriko yalipoingia mji wa Florence, Italia, tarehe 4 Novemba 1966, wahifadhi walibandika karatasi nyembamba juu ya nyuso za michoro iliyolowa ili rangi isidondoke kabla ya kutibiwa. Hata hivyo msalaba mkubwa uliochorwa na Cimabue ulikuwa umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya rangi yake majini. Jumuiya inayoishi karibu na mto au chini ya paa bovu inapaswa kujua jambo moja kutokana na hayo: mchoro ulioloa haufutwi, hauanikwi juani wala haukaushwi kwa moto. Unalazwa chali, uso wa rangi ukitazama juu, katika chumba chenye hewa, na simu ya kwanza inapigwa kwa mhifadhi.

*Inachodai.* Mtaalamu aliyesomea uhifadhi, kwa siku au majuma kadhaa, pamoja na ripoti ya hali ya mchoro kabla na baada ya kazi. Kwa kawaida gharama yake huwa chini ya ile ya urejeshaji kamili, kwa kuwa saa za kazi ni chache.

*Hatari yake.* Iko zaidi katika kuimarisha kupita kiasi. Kwa vizazi kadhaa ilikuwa desturi kubandika turubai mpya nyuma ya ile ya kale kwa nta, utomvu na joto, hata pale ambapo haikuhitajika. Joto na mgandamizo vilibapaza alama za brashi, na nta iliweza kutia giza rangi. Katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Greenwich, Uingereza, 1974 mazoea hayo yalihojiwa vikali, na tangu hapo wahifadhi wengi huona ubandikaji kuwa hatua ya mwisho. Mtaalamu akiupendekeza, kamati ina haki ya kuuliza kwa nini kabari, viraka vya kingo au ushonaji wa nyuzi havitoshi.

*Inamfaa nani.* Jumuiya yenye mchoro unaodondosha rangi, uliochanika au uliooza mbao, ambayo bado haijakubaliana jinsi mchoro unavyopaswa kuonekana. Nawaambia wanakamati mapema kwamba siku ya kuupokea wengi watavunjika moyo: mashimo yatakuwa bado yanaonekana na giza litakuwa palepale. Lakini mchoro utakuwa hai, na mjadala wa sura unaweza kuchukua muda wote unaohitaji.

Njia ya tatu: kuurejesha

*Inachofanya.* Kusafisha uchafu, kuondoa vanishi iliyozeeka na rangi zilizopakwa baadaye, kujaza mianya na kuipaka rangi ili jicho lisome picha nzima. Kazi huanza na kijiti chenye pamba kisichozidi ncha ya kidole, pembezoni, mahali pasipoonekana sana. Wahifadhi hadi leo hutumia mate kusafisha masizi na vumbi lililogandamana, kwa sababu vimeng'enya vyake hulainisha uchafu taratibu na bila ukali. Kwa vanishi hujaribiwa viyeyushi kimoja baada ya kingine, kuanzia kilicho dhaifu. Pamba ikitoka na kahawia tupu, ni vanishi. Ikitoka na dalili ya nyekundu au buluu, mkono unasimama papo hapo.

Matokeo yanaweza kubadili hata maana ya picha. Mchoro wa Rembrandt wa 1642 unaojulikana kama Walinzi wa Usiku ulipata jina hilo baadaye, vanishi yake ilipokuwa imekoza giza. Uliposafishwa katika miaka ya 1940 ilibainika wazi kwamba tukio lake si la usiku. Mchoro wa altare wa Ghent, Ubelgiji, unaoonyesha Mwanakondoo wa Mungu, uliokamilishwa na Jan van Eyck 1432, ulianza kurejeshwa 2012, na chini ya rangi iliyopakwa juu yake karne ya 16 uliibuka uso wa mwanakondoo ulio tofauti kabisa, wenye macho yanayomtazama mtu moja kwa moja. Wako waliofurahi kuuona mkono wa mchoraji mwenyewe, na wako waliomkosa mwanakondoo waliyemzoea. Jambo hilo jumuiya inapaswa kulizungumza kabla ya pamba ya kwanza kugusa turubai: rangi iliyoongezwa juu inaweza kuwa ndiyo sura ambayo babu na bibi wa watu hawa waliipigia magoti. Kuiondoa ni kuchagua historia moja na kuiacha nyingine.

Katika kujaza palipopotea pia kuna uamuzi. Mhifadhi anaweza kupaka rangi mpya isitambulike kabisa, au akafuata mbinu iliyokuzwa na Cesare Brandi katika taasisi ya urejeshaji ya Roma iliyoanzishwa 1939, ambapo mwanya hujazwa kwa mistari myembamba ya wima. Ukisimama mbali mistari hiyo inaungana na picha ikakamilika, na ukisogea karibu unaiona wazi na kujua ni wapi mchoraji aliishia. Binafsi naona mbinu hii inaheshimu pande zote mbili, ingawa naelewa muumini asiyetaka kuona mistari usoni mwa mtakatifu wake. Kwa vyovyote vile, rangi mpya haipaswi kuvuka mpaka wa shimo na kufunika rangi ya asili, na iwe ya aina inayoweza kuondolewa bila kuidhuru ile ya zamani.

*Inachodai.* Fedha nyingi, muda mrefu, na mtu sahihi. Mtu huyo hutambulika kwa maswali yake. Ataomba kuuona mgongo wa mchoro, atautazama chini ya mwanga wa urujuanimno, yaani mwanga wa taa maalumu usioonekana kwa macho, ambao huifanya vanishi ya kale ing'ae kijani na rangi za baadaye zionekane kama madoa meusi, na atakupa maandishi yanayotaja kila kitu atakachotumia. Anayetaja bei kwa kutazama picha ya simu tu, au anayeahidi kwamba mchoro utakuwa mpya, si wa kukabidhiwa. Mchoraji hodari naye si lazima awe mhifadhi, kwa kuwa amezoea kuumba, ilhali kazi hii inadai kujizuia.

*Hatari yake.* Ndiyo kubwa kuliko zote, maana usafishaji hautenguki. Mwaka 2012, katika mji wa Borja huko Hispania, mchoro wa Kristo uliochorwa ukutani mwa kanisa na Elías García Martínez ulikuwa unabanduka, na muumini mmoja akaupaka rangi upya. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Aliona kitu anachokipenda kinakufa na hakuna aliyekuja kukisaidia. Sura ya asili ilipotea chini ya rangi yake. Pasipo mpango, upendo wa watu hujitafutia njia, na mara nyingi njia hiyo ni sabuni, kitunguu kilichokatwa au mkate wa kusugulia, vitu ambavyo vimeharibu michoro mingi. Mabaki ya mkate huacha chembe zinazolisha wadudu na ukungu.

*Inamfaa nani.* Jumuiya ambayo rangi ya mchoro wake imekwisha kuimarishwa, ambayo picha yake haisomeki tena kiasi cha kushindwa kufanya kazi yake, na ambayo imekubaliana kwa maandishi ni sura ya enzi ipi inayotakiwa.

Njia ya nne: nakala ukutani, mchoro wa asili mahali salama

*Inachofanya.* Mapango ya Lascaux nchini Ufaransa, yenye michoro ya kale sana kutani mwake, yaligunduliwa 1940 na kufunguliwa kwa umma 1948. Pumzi na joto la wageni vilibadili hewa ya ndani, mwani ukaota ukutani, na 1963 yakafungwa. Nakala ya sehemu kubwa ya mapango ilifunguliwa karibu yake 1983, na watu wanaendelea kuja. Kwa mchoro wa turubai, nakala inaweza kuwa chapa ya picha iliyopigwa kwa ubora wa juu, au kazi ya mchoraji aliyeketi mbele ya ule wa asili. Chapa ni aminifu kwa rangi lakini bapa, wakati nakala ya mkono ina uhai wa brashi lakini pia ina tafsiri ya mkono mwingine.

*Inachodai.* Mahali pa kuhifadhia ule wa asili, na hapa ndipo mipango mingi huanguka. Stoo ya chini inayoingia maji ni mbaya kuliko ukuta wenye jua. Giza kamili nalo lina lake: mafuta ya kitani yaliyomo ndani ya rangi hugeuka manjano kidogo yakikaa gizani, ingawa mara nyingi hurudi kiasi mchoro ukipata mwanga tena. Mchoro uliohifadhiwa lazima ukaguliwe kama ule uliotundikwa, na tena kwa bidii zaidi, kwa sababu hakuna anayepita mbele yake.

*Hatari yake.* Kuhusu rangi ni ndogo, lakini kuhusu watu huenda ikawa kubwa. Kinachofichwa husahaulika, na kilichosahaulika huibwa au kutupwa bila mtu kujua. Nakala iandikwe wazi kuwa ni nakala, na siku maalumu zipangwe za kuutoa ule wa asili. Kwa mchoro wa ukutani, njia hii ni ngumu zaidi: kuubandua kutoka kwenye lipu ni upasuaji mkubwa unaofanywa tu jengo lenyewe linapokuwa haliokoleki.

*Inamfaa nani.* Jumuiya yenye jengo lisiloweza kurekebishwa au tishio la wizi, na ambayo watu wake huutazama mchoro kama kumbukumbu au mapambo. Pale ambapo watu husali mbele ya kitu chenyewe, na si mbele ya sura yake tu, nakala haitatosha, na hilo si ushamba wa kurekebishwa na wataalamu.

Kwa hali yako

Kama rangi inadondoka leo, iwe mchoro ni wa thamani ya fedha au la, anza na njia ya pili. Okota chembe zilizoanguka, ziweke kwenye bahasha iliyoandikwa tarehe na mahali zilipoangukia, kwa kuwa mhifadhi anaweza kuzirudisha.

Kama rangi imeshika lakini picha imefunikwa na giza, tumia mwaka mmoja katika njia ya kwanza ukipima unyevu na mwanga huku ukitafuta fedha na mtaalamu. Daftari la mwaka huo litamsaidia mtaalamu kuliko maelezo yoyote ya mdomo, na huenda likaonyesha kwamba tatizo ni paa.

Kama mmegawanyika kati ya wanaotaka mng'ao na wanaoogopa kuguswa, ombeni jaribio dogo la kusafisha kwenye kona moja, upana wa stempu ya posta, kisha waiteni watu wote waje walitazame. Lifanyike tu pale mhifadhi atakapothibitisha kwamba rangi inastahimili. Nimeona mabishano marefu yakiisha mbele ya kipande hicho kidogo, mara kwa kukubali na mara kwa kukataa.

Kama mchoro ulikarabatiwa na watu wasio wataalamu miaka iliyopita na kazi yao inaonekana mbaya, usikimbilie kuifuta. Rangi yao huenda ndiyo inayoshikilia ya asili isianguke, na uchunguzi wa mwanga wa urujuanimno utasema zaidi kabla ya mtu kugusa kitu.

Kama jengo litabomolewa au kukarabatiwa, nakala na hifadhi ya muda vinafaa, kwa sharti kwamba tarehe ya mchoro kurudi na jina la mwenye ufunguo viandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kilekile kilichopitisha uamuzi wa kuuondoa ukutani.